Ya moyoni yakianikwa hadharani

Kuna swali linalosikika sana majumbani siku hizi, na kwa kawaida husemwa kwa hasira: “Kwani humu ndani hakuona mtu wa kumwambia mpaka akatangazie dunia?”

Huuliza mama aliyesikia kwa jirani kuwa ndoa ya binti yake inayumba. Huuliza mume aliyefika kazini akapewa pole ya mimba ya mkewe iliyoharibika, kumbe mwenyewe ameandika usiku na wenzake wameshasoma. Huuliza kaka aliyewasha redio asubuhi akaitambua sauti ya mdogo wake, akisimulia jinsi pombe ilivyomfikisha pabaya.

Majibu nayo huwa tayari. Anatafuta kiki. Anataka kuonewa huruma. Hana haya. Zamani watu walijua kutunza siri.

Majibu hayo yana ukweli kwa baadhi ya watu. Wapo wanaouza machozi, na wapo wanaosema ili kumkomoa mtu. Lakini ukiwaweka kando hao, wanabaki wengi ambao hawakupata fedha wala umaarufu kwa kusema. Baadhi yao walipoteza kazi, ndoa na hata usalama wao. Hao nao walisukumwa na nini?

Ukilisikiliza vizuri lile swali la familia, jibu limo humo humo. Mara nyingi ni kweli kabisa: humu ndani hakuona mtu wa kumwambia.

Kanga ilisema kabla ya simu

Si kweli kwamba zamani watu walificha kila kitu. Pwani ya Afrika Mashariki ina takriban miaka 100 ya wanawake kuvaa maneno yao mwilini. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, hutajwa sana miongoni mwa walioanza kuchapa misemo kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Awali misemo hiyo iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kilatini zinazotumika hadi leo.

Mwanamke aliyekwaruzana na mke mwenzie hakuwa na haja ya kufungua kinywa. Alitafuta kanga yenye maneno yanayofaa, akajifunga, akapita taratibu mbele ya mlango. Aliyekusudiwa alielewa, na majirani walielewa. Mvaaji mwenyewe akiulizwa, alikuwa na pa kutokea: “Mie nimeipendea rangi tu.”

Baadaye zikaja kurasa za ushauri kwenye magazeti. Barua zilianza kwa umri na mkoa, bila jina: mwanamke wa miaka 32 wa Tanga, mwanaume wa miaka 40 wa Dodoma. Ndani yake kulikuwa na mambo ambayo mwandishi wa barua hangethubutu kumwambia mtu aliyelala naye chumba kimoja. Vipindi vya redio vikafuata, msikilizaji akipiga simu na kutumia jina la kubuni.

Kanga na barua ya shangazi zilimpa msemaji vitu viwili kwa pamoja, nafasi ya kusema na mahali pa kujificha. Kilichobadilika leo ni kwamba wengi hawajifichi tena. Mtu anaweka jina lake, picha yake na wakati mwingine cheti cha hospitali, kisha analala. Asubuhi anaamka ukoo mzima umeshajua.

Hamu ya kusema, basi, ni ile ile ya miaka mingi. Lililo jipya ni kusema bila pazia.

Msiba usio na matanga

Chukua mfano wa mama ambaye mimba yake imeharibika ikiwa na wiki 10.

Akifiwa na mzazi, watu wanajua la kufanya. Mikeka inatandikwa, wanawake wanaingia jikoni, wanaume wanakaa nje, daftari la michango linazunguka. Mfiwa analia na kuna mtu wa kumshika. Hakuna anayemwambia anyamaze siku ya kwanza.

Kwa mimba iliyoharibika hakuna mkeka. Hakuna kaburi, hakuna jina, hakuna arobaini. Wachache wanaojua humwambia: “Mshukuru Mungu, wewe bado mdogo, utapata mwingine.” Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini humfungia mlango. Mtu aliyeshaambiwa ashukuru atalia vipi tena? Siku ya tatu anachota maji, wiki inayofuata anarudi kazini, na baada ya miezi michache mama mkwe anaanza kuuliza kwa mafumbo kama kuna habari njema.

Jambo lenyewe si la watu wachache. Wataalamu wa afya ya uzazi wanakadiria kwamba katika kila mimba 10 ambazo wenyewe wameshazijua, 1 au 2 huharibika, nyingi katika wiki 12 za mwanzo. Sababu inayoongoza ni hitilafu za kromosomu zinazotokea mimba inapotungwa. Mama hakuzisababisha kwa kugombana na mumewe, wala jirani hakuzituma.

Maana yake ni kwamba kila ukoo, kila ofisi, kila kwaya na kila madrasa ina wanawake waliopitia hali hiyo. Lakini kwa kuwa hawasemi, kila mmoja huamini kwamba ni yeye peke yake aliyeshindwa. Michelle Obama, mke wa Rais wa zamani wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2018 kwamba mimba yake iliharibika miaka kama 20 kabla, na kwamba alijiona mpweke kwa sababu hakujua ni jambo la kawaida kiasi gani. Novemba 2020 Meghan, mke wa Prince Harry wa Uingereza, aliandika gazetini kuhusu mimba yake iliyoharibika Julai mwaka huo. Hao ni wanawake wenye madaktari na wasaidizi, lakini nao waliona haja ya kulisema jambo hilo mbele ya watu.

Misiba isiyo na matanga ipo mingi. Mama aliyejifungua salama lakini anashinda akilia kwa sonona, huku wageni wakija na zawadi na kumpongeza. Baba aliyeachishwa kazi anayeendelea kutoka nyumbani kila asubuhi na begi lake ili watoto wasijue. Kijana aliyeambiwa ana kifafa na ukoo ukaamua kwamba jambo hilo lisitamkwe mpaka aoe. Kwa watu hawa nyumbani kuna upendo, chakula na paa. Kinachokosekana ni ruhusa ya kusema.

Mgeni hana kikao cha ukoo

Wengine watasema: sawa, lakini si angemwambia hata dada yake?

Dada atamwambia mama. Mama atamwambia shangazi, kwa sharti kwamba asimwambie mtu. Jumamosi kutakuwa na kikao. Na hata kikao kikiisha salama, jambo lile litahifadhiwa, na siku ya ugomvi mwingine, labda miaka 5 baadaye, litatolewa kabatini kama ushahidi. Kwa ndugu, siri ikishatoka hugeuka kuwa sehemu ya jina lako.

Mgeni hana kabati hilo. Waliowahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza wanajua: watu wawili wasiojuana hukaa kiti kimoja, na kabla ya Singida mmoja ameshamweleza mwenzake habari za talaka yake, deni lake na ugonjwa wa mtoto wake. Wakifika stendi kila mmoja anachukua begi lake. Hata majina hawakuulizana.

Mwanasosholojia wa Ujerumani, Georg Simmel, aliandika mwaka 1908 kwamba mara nyingi mgeni ndiye anayepokea maungamo ambayo watu huwaficha walio karibu nao. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Zick Rubin, alilipima jambo linalofanana na hilo kwa abiria waliokuwa wakisubiri ndege katika uwanja wa Boston. Aliona kwamba mtu asiyefahamika akianza kujieleza kwa undani, anayemsikiliza naye hufunguka zaidi. Siri huvuta siri.

Hapo ndipo penye siri ya wanaosema hadharani. Machoni pa familia, mtu huyo amewaambia watu elfu. Yeye mwenyewe, usiku ule, hakuwaona elfu. Aliona mtu mmoja asiyemjua, mahali fulani, aliyepitia alichopitia yeye, ambaye hana mamlaka ya kumuitia kikao.

Kuandika ni jambo moja, kujibiwa ni jingine

Kuna faida ya kutoa maneno moyoni hata kama hakuna anayeyasoma. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake Sandra Beall, walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Baadhi waliombwa waandike kwa dakika 15 kila siku, kwa siku 4 mfululizo, kuhusu tukio lililowaumiza zaidi maishani. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu.

Walioandika maumivu yao, hisia na matukio kwa pamoja, walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao. Tangu hapo jambo hilo limepimwa mara nyingi na katika nchi nyingi. Faida huonekana, ingawa si kubwa na si kwa kila mtu.

Wanafunzi wale hawakutangaza walichoandika. Maandishi yao hayakubeba majina na hayakusomwa na rafiki wala ndugu. Kwa hiyo anayetaka tu kupunguza mzigo wa moyo anaweza kununua daftari, akaandika, akalifungia sandukuni. Itamsaidia kwa kiasi chake.

Kinachomfanya mtu atoke na daftari lake nje ni kitu ambacho daftari haliwezi kumpa. Daftari halijibu. Haliwezi kusema, “Hata mimi.”

Maneno hayo mawili ndiyo wanayoyafuata wengi. Mama wa wiki 10 hatafuti ushauri, kwani ushauri ameshapewa mpaka amechoka. Hatafuti dawa. Anataka kusikia mwanamke mwingine akisema: hata mimi, mwaka juzi, na mpaka leo nikipita duka la nguo za watoto nageuza uso. Akilisikia hilo, hajapona, lakini amejua kwamba hajalogwa wala hajashindwa. Ni mtu wa kawaida aliyepatwa na jambo la kawaida linaloumiza.

Kilio huanza mfiwa

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Historia ya afya katika ukanda huu inaonyesha jinsi methali hiyo ilivyo ya kweli.

Mwaka 1987 nchini Uganda, Noerine Kaleeba alifiwa na mumewe Christopher kwa UKIMWI. Ni wakati ambao ugonjwa huo ulitajwa kwa mafumbo, na waombolezaji walipewa sababu nyingine za kifo. Kaleeba hakutoa sababu nyingine. Yeye na wenzake wachache, waliokuwa wakiishi na virusi au wakiuguza wapendwa wao, walianzisha TASO, kikundi kilichokua na kuwa moja ya taasisi kubwa za kuwahudumia watu wenye VVU barani Afrika. Kilianza kwa watu kukaa pamoja na kuambiana ukweli.

Miaka 2 baadaye mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya, Mganda aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi nyumbani na kutangaza kwamba ana UKIMWI. Wengi hawakumuamini. Wapo waliosema amelipwa. Alizunguka shuleni na makanisani akisema habari zake mwenyewe, huku watu wakimuona akidhoofika, na alifariki Desemba 1989 akiwa na miaka 38. Baada yake, Waganda wengi walianza kuuzungumza ugonjwa huo kama kitu kinachompata mtu unayemjua na kumpenda.

Nchini Kenya, Asunta Wagura alijitokeza hadharani kama mwanamke anayeishi na VVU, kisha kwa miaka akaandika gazetini shajara ya maisha yake ya kila siku. Wasomaji walijua homa zake, hofu zake na furaha yake ya kuwa mama. Januari 2005 Nelson Mandela aliwaita waandishi wa habari akiwa amefiwa na mwanawe Makgatho, akasema wazi kwamba amefariki kwa UKIMWI. Aliwaomba watu wautaje ugonjwa huo kama wanavyotaja mengine, kwa kuwa kuuficha ndiko kunakoupa sura ya laana.

Si UKIMWI pekee. Septemba 1974, wiki chache tu baada ya mumewe kuwa Rais wa Marekani, Betty Ford alifanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti na akaruhusu habari hizo zitangazwe. Wakati huo neno “matiti” halikutamkwa hovyo kwenye habari. Wanawake wengi walikwenda kupimwa, na idadi ya saratani zilizogunduliwa ikapanda. Kati yao alikuwa Happy Rockefeller, mke wa mtu aliyekuwa ameteuliwa kuwa makamu wa rais. Yeye aligundua tatizo lake wiki chache tu baada ya Betty Ford kusema.

Kampeni za wizara na mabango barabarani zina kazi yake. Lakini bango humwambia mtu ugonjwa upo. Mtu mwenye jina anayesema “unaitwa hivi, na mimi ninao” humwambia mwenzake kwamba anaweza kwenda kupima na bado akabaki mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingi hafi peke yake, kwa sababu aliyekuwa akimsubiri aanze naye hunyamaza.

Bei yake

Yote hayo hayamaanishi kwamba kila mtu aseme kila kitu.

Desemba 1, 1998, Siku ya UKIMWI Duniani, Gugu Dlamini wa Afrika Kusini alisema hadharani kwamba anaishi na VVU. Kabla mwezi huo haujaisha alishambuliwa na watu wa mtaa wake, karibu na Durban, na akafariki kwa majeraha. Leo kuna bustani mjini humo yenye jina lake. Ni heshima inayostahili, lakini haikumrudishia mtoto wake mama.

Anayetaka kusema anapaswa kujiuliza atalala wapi usiku ule baada ya kusema. Aliyezungukwa na watu wanaompenda anaweza kuumia na akapona. Mwanamke anayeishi na mume mpigaji, au mfanyakazi ambaye bosi wake anatafuta sababu ya kumtoa, yuko katika hali nyingine kabisa. Kwa mtu kama huyo, mahali pa kuanzia ni mshauri nasaha wa hospitali, ustawi wa jamii au kikundi cha wenye tatizo kama lake, ambako mlango unafungwa. Sheria inampa haki ya kuchagua mwenyewe. Tanzania ina sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inayolinda siri ya majibu ya vipimo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mwenye siri anaweza kuitoa. Muuguzi, mwajiri au shemeji hawezi kuitoa kwa niaba yake.

Tena, abiria wa basi hushuka na kusahauliwa. Maandishi hayashuki. Alichoandika binti wa miaka 22 akiwa na hasira ya kuachwa kitasomwa na mwajiri wake akiwa na miaka 30, na na mwanawe akiwa na miaka 45. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana ni busara kuandika usiku na kusubiri asubuhi mbili au tatu kabla ya kumwonyesha mtu.

Siri ya nani?

Lililo gumu kuliko yote ni kwamba siri chache sana zina mwenyewe mmoja.

Fikiria wanandoa waliokaa miaka 6 bila mtoto. Mtaani mke ndiye anayeitwa tasa. Mawifi wanamsema, na kwenye harusi anawekwa mbali na bibi harusi. Yeye na mumewe wamepima, na majibu yanaonyesha kwamba tatizo liko kwenye mbegu za mume. Wataalamu wanasema mwanaume huchangia katika karibu nusu ya visa vya wanandoa kutopata mtoto, lakini ni nadra kumsikia mwanaume akiitwa tasa. Mke amebeba siri ambayo ingemsafisha kwa sentensi moja. Akiisema, amejitetea yeye na amemvua nguo mumewe mbele ya ukoo wake. Akinyamaza, anamalizika polepole.

Ni rahisi kumwambia avumilie, na ni rahisi vilevile kumwambia aseme. Lakini anayepaswa kusema hapo ni mume. Si lazima ataje vipimo. Inatosha awaambie dada zake: “Tatizo ni letu wote wawili, tunatibiwa, na sitaki kusikia mke wangu akiitwa jina hilo tena.” Mume asiyeweza kusema maneno hayo ukumbini asishangae siku mkewe atakapoyasema sokoni.

Kwa watoto jambo ni zito zaidi. Mzazi anayesimulia kukojoa kitandani kwa mwanawe, au anayeweka picha yake akiwa wodini, anasema siri ya mtu ambaye bado hawezi kukubali wala kukataa. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2024 inayowakumbusha wazazi kwamba wao ni walinzi wa haki ya mtoto juu ya picha yake. Hata pasipo sheria, kipimo ni chepesi: kama mtoto angekuwa na miaka 15 na amesimama karibu, je, mzazi angesema hivyo hivyo?

Kanuni ya wanaosema vizuri ni kusema fungu lao. Mke aliyeachwa anaweza kusimulia usiku wake wa kwanza peke yake, namna alivyopika chakula cha watu wawili kwa mazoea. Hiyo ni yake. Ugonjwa wa mume aliyemwacha si wake.

Sikio la nyumbani

Kwa familia, kitu cha kwanza ni kusikiliza uzito wa kilichosemwa kabla ya kuhesabu waliokisikia. Baadhi ya maneno yanayowekwa hadharani ni kilio cha kuomba msaada. Mtu anayesema amechoka kuishi, anayeaga watu bila safari, anayegawa vitu vyake au anayesema wenzake watapumzika asipokuwepo, hatanii. Asichekwe, asikaripiwe kwa kuaibisha ukoo. Afuatwe, aulizwe wazi kama anafikiria kujiua, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Kwa mtoto, Tanzania na Kenya zina simu ya bure, 116.

Kwa wengine wote, muda wa ugomvi upo, usiwe wa kwanza. Mama aliyesikia kwa jirani habari za ndoa ya bintiye ana haki ya kuumia. Lakini akianza kwa “umetuabisha”, binti atajifunza kwamba alikuwa sahihi kutosema nyumbani. Akianza kwa “pole mwanangu, nimesikia, njoo nyumbani tule”, mengine yatazungumzika baada ya chakula.

Na kabla simu hiyo haijapigwa, kila mmoja nyumbani ana swali la kujibu kimya kimya, bila kudanganya. Lile la “kwa nini hukuniambia?” tunalijua. Lililo gumu ni jingine: angeniambia, ningemjibu nini?